Matairi Madogo na Jozi ya Viatu

Tangu nilipojiunga na shule hii, wenzangu wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Huko Uingereza ulikokaa mwaka mzima, ulijifunza nini?" Wengi hutazamia niwaeleze habari za theluji, au za treni zipitazo chini ya ardhi. Theluji niliiona mara chache tu, na treni hizo ziko London, nami nilikaa Leicester. Jambo nililojifunza kwa hakika, nalo lanifaa mpaka leo, ni namna ya kuchagua matairi. Wala si matairi ya lori wala ya baiskeli, bali matairi madogo ya motokaa ya kuchezea, ambayo unaweza kuyaficha mawili katika kiganja cha mkono na mtu asijue kuwa umeshika kitu. Najua mtacheka. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana matairi hayo yaliniletea aibu ambayo sijapata kuisimulia hadharani ila leo.

Mwaka 2023 mama alikuwa akisoma katika chuo kikuu mjini Leicester, nami nilifuatana naye. Tulikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye amekaa huko miaka mingi na kazi yake ni kuendesha basi. Baba alibaki nyumbani Njombe pamoja na wadogo zangu na shamba la viazi. Mjomba ni mtu mpole, asiyepaza sauti. Kama ilivyo desturi yetu, yeye aliniita mimi "mjomba" nami nikamwita yeye "mjomba", hata jirani zetu Waingereza wakashindwa kujua ni nani mjomba wa mwenzake.

Katika chumba cha juu cha nyumba yake mlikuwa na ubao mpana, kama milango miwili iliyolazwa pamoja. Juu ya ubao huo palikuwa na barabara ya plastiki nyeusi iliyopinda huku na huku mpaka ikarudi ilikoanzia. Katika kila njia ya barabara hiyo kuna mfereji mwembamba, na kando zake mbili zimelazwa reli za chuma zipitishazo umeme. Chini ya pua ya motokaa kuna kipande cha plastiki ambacho sisi tulikiita ulimi. Ulimi huo huingia mferejini na kuiongoza motokaa, na nyuzi zilizosokotwa, zilizo kando yake, hugusa reli na kuchukua umeme mpaka kwenye mota. Mchezaji hana usukani. Anacho kishikio tu mkononi: akikibana, motokaa inakwenda mbio, akikiachia, inapunguza mwendo. Akibana mno penye kona, magurudumu ya nyuma huteleza, ulimi hutoka mferejini, na motokaa huruka nje ya njia.

Mchezo huu si wa jana. Mwingereza mmoja aitwaye Fred Francis alikuwa akitengeneza motokaa ndogo zilizoendeshwa kwa mashine ya springi kama ya saa, zilizoitwa Scalex. Baadaye akazitia mota ya umeme, na mwaka 1957 akazionyesha katika maonyesho ya vichezeo mjini Harrogate kwa jina la Scalextric. Nyingi zake zimetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 32, maana yake ni kwamba motokaa ya kweli yenye urefu wa sentimita 450 huwa na urefu wa sentimita 14 tu.

Mjomba alikuwa nayo moja ya rangi ya kijani, yenye bawa dogo nyuma. Aliinunua katika soko la vitu vikuukuu mwaka wake wa kwanza katika mji ule, wakati ambapo hakuwa na ndugu wala rafiki. Alinieleza kuwa ndicho kitu cha kwanza alichonunua huko kisichokuwa chakula wala koti. Usiku akirudi kazini, aliiendesha peke yake mpaka usingizi umjie. Kwa hiyo haikuwa motokaa yenye thamani sokoni, lakini kwake ilikuwa na thamani.

Jirani yetu wa tatu alikuwa mzee wa Kiingereza, fundi mstaafu wa mabasi. Yeye alikuwa na barabara yake mwenyewe ndani ya gereji. Haikuwa ya plastiki. Alikuwa amechonga mifereji kwa mashine katika ubao laini wa kiwandani, akaupaka rangi, kisha akabandika utepe wa shaba kando ya kila mfereji ili upitishe umeme. Kila Jumamosi jioni watu wanne au watano walikusanyika kwake kushindana, na mjomba alikuwa mmoja wao. Alikuwa wa mwisho karibu kila mara, wala jambo hilo halikumsumbua. Aliyesumbuka ni mimi.

Sababu ya kushindwa ilionekana wazi. Matairi ya nyuma ya motokaa yake yalikuwa yamekauka na kung'aa kama kigae. Mpira hata ukiwa mzuri namna gani huzeeka. Hewa na mwanga huula polepole, ukawa mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara. Basi siku moja mjomba akaniambia, "Mjomba, wewe una macho mazuri. Mwisho wa mwezi nitakupa fedha ututafutie matairi mapya." Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, na Jumamosi ilikuwa karibu.

Hapa ndipo ilipoanza hatia yangu. Juma lile baba alikuwa ameuza magunia ya viazi, akatuma fedha ya kuninunulia viatu vya shule, kwa kuwa soli za viatu vyangu zilikuwa zimelika zikawa vipara. Fedha yenyewe ilipobadilishwa ilikuwa paundi 25, yaani zaidi ya shilingi elfu sabini za kwetu. Mama alikuwa na mtihani, akanipa fedha yote mkononi akasema, "Wewe si mtoto tena. Nenda ukajinunulie mwenyewe." Nilikwenda, lakini mlango nilioingia haukuwa wa duka la viatu. Nilinunua jozi tatu za matairi, jumla yake paundi 17.

Nilichaguaje? Nilichagua kwa macho na kwa masikio. Jozi ya kwanza niliipenda kwa kuwa ilikuwa nene na nzuri kutazama. Ya pili niliipenda kwa maneno ya sifa yaliyoandikwa juu ya pakiti. Ya tatu ilikuwa ya silikoni, na vijana wa shuleni walikuwa wameniambia kwamba silikoni hushika kama gundi. Sikupima kitu wala sikuuliza mtu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami nilikuwa na vinyemi vitatu mfukoni.

Nilipofika nyumbani nilipanda juu upesi, nikajifungia. Jozi ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ikawa inasugua mbavu za motokaa na magurudumu hayazunguki. Jozi ya pili ilikuwa ndogo mno. Sehemu ya nyuma ilishuka chini hata gia ya ekseli ikawa inakwaruza barabara. Jozi ya tatu, ile ya silikoni, iliingia sawasawa. Nilipoijaribu, motokaa ilikwenda kama iliyofungwa kwa uzi, ikapinda kona zote bila kuteleza. Nilishangilia moyoni. Mjomba aliporudi na kuiona, alifurahi sana, akauliza nimeyapata wapi matairi yale. Nikamjibu, "Nimepewa na rafiki yangu wa shuleni." Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Jumamosi ikafika. Katika gereji ya yule mzee palikuwa na karatasi ukutani yenye masharti ya mchezo. Sharti la kwanza lilisema motokaa zote ziondolewe sumaku. Sharti la pili lilisema matairi ya silikoni hayaruhusiwi. Nililisoma. Mzee akanitazama kwa uso wa kirafiki akauliza, "Naona mmebadili matairi. Ni mpira?" Nami nikasema, "Ndiyo, mpira mtupu."

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Katika ule wa tatu motokaa ilianza kuyumba. Penye kona ya mwisho iliruka, ikapita juu ya ukingo, ikaanguka juu ya sakafu ya saruji. Bawa lake la nyuma likavunjika likaenda kusimama chini ya meza. Mjomba aliliokota, akalitia katika mfuko wa shati, wala hakusema neno. Kisha wengine wakashindana katika njia ile ile, na mmoja baada ya mwingine wakalalamika kwamba motokaa zao zinateleza. Yule mzee, mwenye magoti mabovu, akachukua kitambaa, akainama, akaifuta barabara yake yote kwa mkono kwa muda wa nusu saa. Mimi nilisimama nikimtazama. Mchezo wa siku ile uliishia hapo. Hakuna aliyenilaumu, na jambo hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu asubuhi njia ilikuwa imefunikwa na sakitu. Sisi watu wa Njombe tunaijua sakitu, lakini kwetu huiona juu ya majani ya viazi, wala haikutandazwa juu ya mawe laini ya njia ya mjini. Nilipiga hatua chache tu nje ya mlango, viatu vyangu vya vipara vikanitupa chini, nikaumia kiwiko. Mjomba alikuwa akitoka kwenda kazini. Aliniinua, akaniketisha kizingitini, akanivua kiatu kimoja, akaipitisha ncha ya kidole gumba juu ya soli, kama alivyofanya kila siku alipokagua matairi ya motokaa yake. Akauliza polepole, "Viatu alivyokununulia baba yako viko wapi?"

"Dukani hawakuwa na namba yangu," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi. Mjomba alitia mkono katika koti lake akatoa pakiti mbili za matairi, zile jozi zilizonishinda, zikiwa bado zina karatasi za bei. Alikuwa amezikuta nyuma ya ubao alipokuwa akitafuta gundi ya kuunganisha bawa. Hapo sikuwa na njia ya kupita. Nilimweleza yote: fedha ya viatu, rafiki ambaye hakuwapo, na karatasi ya ukutani niliyoisoma nikanyamaza.

Nilitazamia fimbo, au angalau kelele. Yeye alitazama saa yake, akakaa karibu nami, akasema:

"Kabla ya kuja huku nilikuwa utingo wa lori, tukipakia viazi na mbao kati ya Makete na Njombe. Mwenye lori alinunua matairi mapya yanayong'aa, akajisifu mji mzima. Yalikuwa matairi ya lami. Masika yakaingia, nasi tukalala siku mbili katika tope, huku lori kuukuu lenye matairi ya meno makubwa likitupita. Siku ile nilijua kwamba tairi halichaguliwi dukani; huchaguliwa barabarani. Unatazama kwanza njia utakayopita, kisha ndipo unatazama tairi. Na fedha ya baba yako nayo, mjomba, ilikuwa na barabara yake. Wewe umeitoa mferejini."

Aliponiambia hayo aliondoka kwenda kazini. Lakini aliniachia kazi tatu: kumwambia mama, kumwomba radhi yule mzee, na kumpigia baba simu mimi mwenyewe.

Mama alilia kidogo, kisha akanifunga kiwiko. Simu ya baba ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Nilipokwisha kusema, alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na kiwiko kinaendeleaje?" Hakuuliza neno jingine. Tangu siku ile sijasahau swali hilo.

Nilipokwenda kwa yule mzee, alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza alisema, "Njoo Jumamosi asubuhi, kabla ya wengine. Njoo na matairi yote, hata yale ya zamani." Basi asubuhi ile, na nyingine kadhaa baada yake, ndizo zilizonifundisha habari ninayotaka kuwaeleza ninyi wenzangu.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kupima. Tulipima kwa kalipa upana wa ringi, kipenyo cha ringi, na kipenyo cha tairi lenyewe. Tairi likilegea juu ya ringi huzunguka peke yake na nguvu hupotea. Ndiyo maana wachezaji wengi huligandisha kwa gundi kidogo. Tena kipenyo kina hesabu yake. Tairi la milimita 20 likizunguka mara moja huisogeza motokaa milimita 62.8, na la milimita 21 huisogeza karibu milimita 66. Kwa hiyo tairi kubwa huongeza mwendo katika njia iliyonyoka, lakini mota hufanya kazi zaidi kuianzisha motokaa, na kimo chake kikipanda huwa rahisi kupinduka. Milimita moja tu yabadili yote hayo. Hesabu ya duara niliyoiona haina maana darasani niliipenda siku ile.

Jambo la pili ni kujua ni kitu gani hasa kinachoishika motokaa. Nilidhani silikoni ndiyo iliyonipa ushindi nyumbani. Mzee akaigeuza motokaa, akanionyesha mahali pa ile sumaku aliyoiondoa kabla ya mashindano. Reli za barabara ya mjomba ni za chuma, na sumaku huvutwa nazo, hivyo motokaa hukandamizwa chini kila inapopita. Utepe wa shaba katika gereji hauvuti sumaku hata kidogo. Kumbe nyumbani nilikuwa nimeyasifu matairi kwa kazi ambayo nusu yake ilifanywa na kitu kingine. Katika barabara isiyo na msaada wa sumaku, tairi hujitegemea lenyewe.

Jambo la tatu ni tabia ya kila namna ya tairi. Mpira wa kawaida hufaa karibu kila mahali, hasa katika barabara za plastiki, lakini huzeeka, na mafuta huuvimbisha na kuuharibu. Silikoni, ambayo ni jamaa ya ile itumiwayo kutengenezea vyombo vya kuokea mikate, haizeeki upesi, na hushika sana juu ya barabara safi na laini. Lakini hukusanya vumbi, na ikikusanya vumbi huteleza. Tena wachezaji wengi hawakubali kuichanganya na mpira katika barabara moja, kwa kuwa huona mpira ukipoteza nguvu ya kushika pale silikoni ilipopita. Namna ya tatu ni poliurethani, jamaa ya ile iliyo katika soli za viatu vingi. Hiyo haishiki sana siku ya kwanza, bali hutengenea kadiri inavyotumika. Huvumilia vumbi kuliko silikoni, na yaweza kusuguliwa kwa msasa ikawa duara kamili. Yako pia matairi ya sponji, ambayo hupendwa zaidi na wenye motokaa kubwa za kipimo cha 1 kwa 24 zikimbiazo juu ya mbao. Hakuna hata moja lililo bora peke yake. Kila moja ni bora mahali pake.

Jambo la nne lilinishangaza kuliko yote. Mzee alichukua matairi yale makuukuu ya mjomba, akayatazama kama yana nyufa, akaona hayana. Akabandika karatasi ya msasa juu ya ubao, akaitia mota umeme kidogo, akaigusisha nyuma ya motokaa juu ya msasa, polepole, mpaka ngozi ile ngumu iliyong'aa ikatoka na mpira mweusi ukaonekana. Kisha akayabingirisha juu ya utepe wenye gundi yakatoa vumbi lote. Tulipoyajaribu nyumbani, mizunguko 10 ambayo zamani ilichukua sekunde 97 ilichukua sekunde 88. Yale ya silikoni, pamoja na msaada wa sumaku, yalichukua sekunde 84. Sekunde nne tu! Kwa ajili ya sekunde nne nilikuwa nimeuza viatu vyangu, na kumbe tairi la kutosha lilikuwa tayari juu ya ringi, likingoja kusafishwa.

Jambo la tano ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika. Ukibadili matairi na sumaku na mafuta ya gia kwa siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia. Mzee alinipa daftari. Kila jaribio lilikuwa la mizunguko 10, nami niliandika muda na idadi ya mara ambazo motokaa ilitoka njiani. Hata matairi ya mbele yalikuwa na jambo la kufundisha. Nilidhani nayo yanapaswa kushika sana. Sivyo. Kazi ya kuongoza hufanywa na ulimi, na tairi la mbele likishika mno huizuia motokaa kwenye kona. Kwa hiyo wachezaji hulipaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili liteleze kwa wepesi. Mama hakufurahi alipoona chupa yake imepungua, lakini safari hii niliomba kwanza.

Kwa barabara ya gereji tulichagua poliurethani. Ilikuwa jozi moja tu, tuliyoipima kabla ya kununua, na mjomba aliilipia mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Bawa aliliunganisha kwa gundi. Ukitazama kwa makini utaona mstari mweupe mahali lilipovunjika. Jumamosi iliyofuata tulishindana, na mjomba, aliyezoea kuwa wa mwisho, akawa wa tatu katika watu watano. Hakushinda. Lakini motokaa haikutoka njiani hata mara moja, naye akanitazama akacheka, akasema, "Mjomba, leo tumefika."

Ama viatu, mjomba alijaza fedha iliyopungua, nikanunua jozi imara yenye soli ya mitaro. Deni la paundi 17 nililipa kwa kuosha vyombo kila usiku na motokaa yake ya kweli kila Jumapili, naye akaninakilia paundi moja kila juma katika daftari lile lile la matairi. Paundi ya mwisho niliilipa mwezi wa Juni.

Sasa niko hapa, na katika shule yetu hakuna barabara ya motokaa za kuchezea. Lakini somo lile nakutana nalo kila siku. Tazameni wenzetu wanaotamani viatu vya mpira vyenye meno marefu walivyoviona katika picha za mashindano ya Ulaya, na uwanja wetu ni mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Meno hayo yanawaumiza nyayo wala hayawasaidii kukimbia. Tazameni mwenye baiskeli anayelaumu tairi, na kumbe upepo tu ndio uliopungua. Na sisi wa Kidato cha Tatu, tunapochagua masomo, mara nyingi twauliza ni somo gani lenye sifa kubwa, badala ya kuuliza ni njia gani tunayotaka kupita. Kabla ya kununua kipya, kitazame kwanza kile ulicho nacho, ukisafishe, ukipime. Huenda hakijachakaa. Na kama imekupasa kununua, uliza barabara kwanza.

Kwa wazazi watakaosoma kurasa hizi sina la kuwafundisha, ila nina shukrani. Twajua kwamba fedha mnazotutumia zilikuwa kwanza viazi, au chai, au jasho la kazi nyingine, na kwamba mlipozitoa mikononi mwenu mlikwisha kuzipangia njia.

Ndani ya sanduku langu hapa bwenini ninayo ile jozi ya silikoni. Bado ni mipya karibu kabisa, imepita katika mizunguko michache tu. Ringi ya kuyavalisha matairi hayo sina, wala barabara ya kuyafaa haipo. Lakini kila mwanzo wa muhula, baba anaponitumia fedha ya matumizi, huyatoa nikayaweka juu ya meza kwanza, nikayatazama, ndipo nikachukua kalamu na karatasi kuandika fedha ile inakwenda wapi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu